Denzil Amburgey na Wimbo wa Mwisho wa Albamu

Katika bonde letu, mashine ya kufulia ikigoma humpigii simu mtu wa dukani. Unampigia babu Denzil. Atafika na gari lake la kijani lenye mlango mmoja mweupe, atalala ubavu sakafuni, sikio karibu na mashine, atakuomba uiwashe, na mara nyingi atakutajia ugonjwa wake kabla hajafungua skrubu hata moja. Anasema kila mota ina noti yake, na noti ikishuka ujue beringi imechoka. Bibi yangu Oma, ambaye ni dada yake mkubwa, anasema hiyo ni hila tu ya kulala sakafuni mwa watu mchana kweupe.

Babu Denzil ana miaka sitini na mitatu. Alikuwa fundi umeme chini ya mgodi wa makaa kwa miaka ishirini na sita, hadi mgodi ulipofungwa na kumwachia goti linalouma kila mvua ikikaribia. Mkewe, Verna, alifariki miaka tisa iliyopita. Hawakujaliwa mtoto. Baada ya mazishi alijifungia ndani karibu mwaka mzima. Watu walikuwa wakimpelekea maharage na mkate wa mahindi, wakirudi na sahani za juzi zikiwa hazijaguswa. Siku moja jirani akasikia kitu kinalia ndani ya nyumba ile, akadhani ni mzee mwenyewe, akaenda kugonga. Kumbe babu alikuwa amelivuta gita lake la chuma kutoka chini ya kitanda.

Gita hilo halishikwi kifuani. Ni kama meza nyembamba yenye nyuzi kumi, na mpigaji hukaa mbele yake kama fundi wa cherehani: miguu inakanyaga pedali, magoti yanasukuma vyuma vya pembeni, mkono mmoja unadonoa nyuzi na mwingine unatelezesha kipande cha chuma juu yake. Noti haziruki kutoka hapa hadi pale. Zinateleza, na huko njiani ndiko zinakolia. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza anajuaje pa kusimama, maana hakuna alama. Akasema husimami, unapunguza mwendo tu.

Aliyemtoa ndani ni Tressa Honeycutt, dereva wa gari la maktaba ya wilaya, aliyekuja kumletea hadithi za kauboi akakaa garini akasikiliza nyimbo tatu nzima kabla ya kupiga hodi. Tressa alikuwa na bendi, Nondo wa Barazani, watu watatu waliokosa wa nne. Muziki wao ni wa kantri, na mwanzoni unadhani unajua unakopelekwa: mapenzi yaliyovunjika, barabara, mvua. Halafu katikati gita linaanza kwenda kinyumenyume, sauti ya Tressa inajirudia mara nane ndani ya mashine yake ya mwangwi, na gita la babu linatandaa juu ya vyote kama mafuta juu ya maji, likiwa na rangi zote za upinde wa mvua. Mtangazaji mmoja aliuita kantri iliyookota uyoga porini ikaula bila kuuliza. Bibi alisikiliza wimbo mmoja akasema ni kama mtu aliyetumbukia kisimani na kupapenda.

Walirekodi albamu yao miaka minne, jioni za kawaida baada ya kazi, katika duka la zamani la kampuni ya makaa, kuta zimetundikwa mablanketi ya viraka ili sauti isirukeruke. Nyimbo tisa zilikamilika. Ya kumi, ile ya kufungia, ilikuwa haijapatikana. Tressa aliandika nne akazitupa zote.

Sasa niseme habari ya kanisa, maana bila hiyo hakuna kisa. Bibi ni mshirika wa Kanisa la Pigeon Lick, la Wabatisti wa Kale, na amekuwa mshirika kwa miaka ishirini na miwili. Pale hakuna kinanda, hakuna gita, hakuna hata kitabu chenye noti. Mwongozaji mmoja anasimama, anauimba mstari upesi peke yake, kisha wote wanaupokea na kuurudia polepole sana, kila mtu akiupinda kwa namna yake, hadi nyumba nzima inakuwa kama mto uliofurika. Na hakuna anayesukumwa kujiunga. Mtu hukaa benchi la wageni hata hadi uzeeni, akingoja kuitwa moyoni, na siku akiitwa anakwenda mbele na kumpa msimamizi mkono. Babu Denzil amekaa benchi la wageni maisha yake yote, na baada ya Verna kufa hata benchi hilo aliliacha.

Baba yao, Hobert, ndiye aliyekuwa mwongozaji wa nyimbo pale kwa miaka arobaini. Vumbi la makaa lilikula mapafu yake na akafa kabla mama yangu hajaolewa. Sauti yake imebaki kwenye kaseti moja tu, iliyorekodiwa mwaka 1987 katika ibada ya kuwakumbuka marehemu wa familia, na kaseti hiyo bibi aliitunza ndani ya bati la biskuti pamoja na meno yangu ya utoto. Mwezi wa sita mwaka jana kaseti ilianza kupiga kelele kama mlango. Bibi akampa mdogo wake, akamwambia ainakili, airudishe, asiipeleke kwingine. Babu akaahidi.

Ila mashine nzuri ya kunakilia ilikuwa kwa Tressa.

Haya niliyapata kwa babu mwenyewe, baadaye. Aliweka kaseti, akavaa visikizio, halafu akavivua ili apime kiasi cha sauti kwa spika, na sauti ya Hobert ikatoka kwenye spika kubwa. Tressa alikuwa anafagia. Akaacha kufagia. Watu ishirini wakampokea Hobert mstari wake, wakauburuta na kuukunja, na Tressa akaketi juu ya kreti la soda akasema wao wametumia miaka minne na mashine sita kutafuta sauti ile, na kumbe wazee walikuwa wanaitoa kwa koo tu. Wimbo ulipokwisha akauliza kama wanaweza kuutumia. Babu aliniambia kwamba alifungua mdomo aseme hapana, na mdomo ukasema, "Tujaribu mara moja."

Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu baada ya wiki mbili hivi, akiwa nusu ndani ya friji la mtu. Alisema baba yake hakuwahi kukubali gita lile liingie nyumbani. Babu alikuwa analiacha bandani kwa rafiki. Miaka yote hiyo hawakuwahi kukaa chumba kimoja, Hobert na gita. "Basi nikaona kwamba kwa dakika sita wanaweza kukaa."

Walipiga mara moja kweli, na hiyo mara moja ikatosha. Hobert anatoa mstari, waumini wanapokea, na gita la babu linapokea pamoja nao, linapita katikati yao kama mtu anayetafuta nafasi ya kukaa. Kisha Tressa akaongeza mwangwi, na mwishoni akaigeuza kanda ikaenda kinyume, ikawa kama wafu wanavuta pumzi. Ni wimbo mzuri. Nasema hivyo nikijua yaliyofuata. Babu akamrudishia bibi kaseti yake na nakala safi, akanywa kahawa yake na kuondoka. Habari ya wimbo hakuitaja.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mpiga ngoma wa bendi, ambaye alitaka tu watu waanze kuisubiri albamu, akampa mtangazaji wa redio ya wilaya nakala. Mtangazaji akauchagua wimbo wa mwisho, na akaupiga katika kile kipindi cha mchana ambapo watu hutangaza vitu vyao vya kuuza na kubadilishana, kipindi ambacho hata mbwa wa bonde letu wanakisikiliza. Uliingia baina ya vizimba vya kuku na jiko la kuni lililopasuka kidogo.

Mimi na bibi tulikuwa mezani tukitoa nyuzi za maharage mabichi. Sauti ya Hobert ikaingia jikoni. Mkono wa bibi ukasimama. Wakapokea waumini, na nikaona uso wake ukibadilika kwa sababu alisikia sauti ya mwanamke mmoja kijana iliyo juu ya zote, na mwanamke huyo alikuwa yeye. Kisha gita likaja. Bibi akaacha mistari miwili ipite. Akanyanyuka, akazima redio, akarudi kukaa na kuendelea na kazi, ila sasa alikuwa anatupa maharage kwenye bakuli la nyuzi na nyuzi kwenye bakuli la maharage.

Nusu saa baadaye babu alikuwa mlangoni. Alikuwa ameusikia kwa mteja, akaacha mashine imelala chali.

"Dada," alisema.

"Uliniambia unanakili."

"Nilinakili."

"Na hiki nilichosikia?"

"Ni baba na mimi."

"Ni baba, na wewe, na mimi, na mama yake Burchell, na watu kumi na wanane ambao hukuwauliza. Kumi na mmoja wako kaburini, Denzil. Hao utawauliza kwa simu?"

Babu akasema atakwenda kanisani aseme mwenyewe kwamba kosa ni lake. Bibi akaweka bakuli kando.

"Utasema kama nani?"

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Kila mwezi, Jumamosi moja, washirika hukutana kushughulikia mambo ya kanisa, na mshirika aliyekosa huitwa ajibu. Babu hakuwa mshirika. Hawezi kuitwa, hawezi kushitakiwa, na hawezi kusema. Aliyekuwa na kaseti ni bibi. Kabla ya jioni ya siku ile Ndugu Burchell, ambaye sauti ya mama yake imo kwenye kanda na ambaye hana kumbukumbu nyingine ya sauti hiyo, alikuwa ameshatoa taarifa kwamba ana shitaka dhidi ya Dada Oma: ametoa uimbaji wa kanisa ukachanganywa na magita. Likikubaliwa, jina la bibi lingefutwa kitabuni. Angekaa benchi la wageni na sisi wengine. Siku ya ibada ya washirika kuoshana miguu, asingeosha wala kuoshwa.

Babu alimfuata msimamizi, Ndugu Arlis, kwenye machimbo ya kokoto anakoendesha lori. Arlis alizima injini, akamsikiliza hadi mwisho, akasema anamwamini. Lakini Jumamosi asiye mshirika hana sauti, na sheria hiyo haikuwekwa na yeye. Alishamwuliza Oma, na Oma alijibu kwamba kaseti ilikuwa yake na ilitoka mikononi mwake, basi. Akitaja jina la aliyeichukua, jambo litakwisha. Hataki kulitaja.

Nilimuuliza bibi kwa nini hataki. Alikuwa ananyoosha nguo yake ya Jumamosi, ile ya bluu.

"Nikimtaja, watamzungumza mle ndani kama mwizi," alisema. "Miaka ishirini na miwili naomba mtu huyu apite ule mlango wa kujiunga kwa miguu yake. Atapita vipi baada ya hapo?"

Babu akarudi kwa Tressa. Nondo wa Barazani walikuwa wamengoja zamu kiwanda cha santuri miezi saba, na zamu ilikuwa Jumatatu, kabla ya Jumamosi ya kikao. Akamwomba asipeleke kitu kwanza mpaka Jumamosi ipite.

"Mzee, kama ulijua mambo ya kanisa lenu yako hivi si ungesema tangu mwanzo."

"Nilikaa kimya. Ndiyo maana tuko hapa."

Tressa alimwambia maneno mengine ambayo babu hakunisimulia. Lakini hakupeleka.

Jumamosi ilikuwa ya jua kali. Nilikaa benchi la wageni, na babu akaja akakaa ncha nyingine, shati limefungwa mpaka shingoni. Watu walimwona. Bibi alikuwa mbele upande wa akina mama, na hakugeuka, lakini nilijua kwamba anajua, kwa jinsi mgongo ulivyonyooka.

Mambo pale huenda kwa mpangilio. Kwanza wanaimba, halafu mmoja anahubiri, halafu kabla ya shughuli za washirika msimamizi hufungua mlango wa kanisa, yaani anauliza kama yupo mtu anayetaka kujiunga, na wimbo unaimbwa huku wakingoja. Mara nyingi hakuna anayekuja. Wanamaliza wimbo na kuendelea.

Ndugu Arlis akafungua mlango. Mwongozaji akatoa mstari. Waumini wakapokea.

Babu Denzil akasimama.

Sijui niseme vipi jinsi nyumba ilivyobadilika. Hawakuacha kuimba, lakini uimbaji ukapanda kama maji yaliyopata mvua. Babu alitembea katikati ya mabenchi na goti lake bovu, na kwa kila hatua mtu mmoja alianza kulia. Bibi aligeuka. Akamwona. Akanyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa, bibi yangu ambaye hata harusini hupiga makofi kwa vidole viwili, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nje, "Asante, Bwana. Asante, Bwana."

Babu akafika mbele akampa Arlis mkono, na Arlis akaupokea kwa mikono yake miwili. Wimbo ukaisha. Msimamizi akamwuliza, kama inavyoulizwa kwa kila ajaye, awaeleze washirika Mungu amemtendea nini. Hiyo ndiyo nafasi pekee ambapo mtu wa nje huzungumza katika nyumba ile, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza.

"Sijaitwa," alisema babu. "Sitaki kuwadanganya. Nimengoja nami, kama mlivyongoja ninyi, na bado sijaitwa. Nimekuja hapa mbele kwa sababu ni hapa tu mtanisikiliza."

Kisha akawaambia yote. Kaseti, ahadi, mashine ya Tressa, mara moja tu. Alisema dada yake alimpa kanda kwa kunakili na hakujua kingine mpaka alipousikia redioni. Alisema alitaka kupiga gita na baba yake. Alisema kama yupo wa kufutwa afutwe yeye, ila hawana pa kumfuta, na hilo linamsumbua kuliko wanavyodhani. Hakukaa muda mrefu. Mimi sikumwangalia yeye. Nilikuwa namwangalia bibi, ambaye mikono yake ilikuwa imeshuka polepole wakati babu anasema, hadi ikawa mapajani, imelala kama vitu vya mtu mwingine.

Mwishowe Ndugu Burchell akasimama. Alisema amemshitaki Dada Oma kwa jambo ambalo Dada Oma hakulitenda, na analiondoa shitaka mbele ya wote, na anamwomba radhi. Lakini, akasema, huyu bwana ameutumia mlango wa kanisa kama dirisha la posta. Ametupa mkono wa uongo.

Ndugu Arlis aliinua mkono wake wa kulia.

"Mkono nimeushika mimi, Ndugu Burchell," alisema. "Ulikuwa unatetemeka. Nimeshapokea mikono mingine hapa, ya watu waliokuja kujiunga kabisa, na ilikuwa mikavu."

Mtu mmoja upande wa wanaume akakohoa kicheko. Wakaendelea na mambo mengine: bati la paa, na nani atakata majani makaburini.

Babu alimngojea bibi nje karibu na gari. Jina la bibi lilikuwa limebaki kitabuni. Kiti chake kilikuwa kimebaki. Babu alikuwa na uso wa mtu aliyebeba mzigo hadi juu ya kilima akautua, anangoja kuambiwa ameuweka mahali pazuri.

"Nilisimama, Denzil," bibi alimwambia. "Nilinyanyua mikono. Watu wote waliniona."

"Nilikuona."

"Miaka ishirini na miwili."

Akaingia garini, nami nikaingia, na babu akabaki ameshika kofia.

Bibi hakuzungumza naye wiki saba. Si kwa ukali. Babu akipiga simu, bibi alinipa mimi nijibu. Mashine yetu ya kufulia ikaanza kuruka ruka kama mbuzi na bibi akafua kwa mikono, akisema maji baridi ni mazuri kwa vidole.

Wakati huo babu alikuwa dukani kwa kampuni na Tressa kila jioni. Zamu ya kiwanda ilikuwa imepita na nyingine ilikuwa mwezi wa kumi. Tressa alitaka kuuondoa wimbo kabisa na kufunga albamu kwa wa tisa. Babu akamwomba jambo moja. Wakafuta sauti ya Hobert. Wakafuta waumini wote ishirini, na mwangwi, na ile sehemu ya kinyume. Likabaki gita lake peke yake. Kisha akarekodi upya, akijibu kama kanisa linavyojibu, polepole, akiupinda kila mstari. Ila pale ambapo baba yake alikuwa anatoa mstari hakuweka kitu. Aliacha kimya cha urefu uleule, alioupima kwenye kanda kwa saa. Kimya, halafu gita linapokea. Kimya tena. Ukiusikia hivyo unashika pumzi bila kujua. Tressa aliusikiliza mara ya kwanza akasema ni wimbo wa ajabu kuliko vyote walivyofanya, na hauna hata mashine moja ndani yake, na hilo linamuudhi.

Alhamisi moja mwanzoni mwa mwezi wa kumi babu alikuja bila kuitwa. Mimi ndiye niliyemwambia habari ya mashine, nakiri. Alipita jikoni akasema habari ya mchana, dada, akalala ubavu sakafuni chumba cha kufulia. Bibi alikuwa anasukuma unga wa keki ya tufaha ile ya tabaka nyingi. Hakujibu salamu, lakini hakumfukuza.

Babu alikuwa ameleta redio ndogo ya CD, akaniomba kwa ishara niiweke juu ya meza na kubonyeza. Aliongea kutoka sakafuni, akiiambia mashine zaidi kuliko dada yake, kwamba kesho asubuhi albamu inakwenda kiwandani, kwamba sauti ya baba haimo, wala ya mtu mwingine, na kwamba kama wimbo bado haufai atautoa hata leo.

Nikabonyeza. Kimya kikaanza kwanza, na bibi akadhani haifanyi kazi, akanyoosha mkono kuigusa. Gita likaingia. Alirudisha mkono kwenye unga.

Kimya cha pili kilipofika niliona midomo yake ikitembea. Haikutoa sauti. Mstari ulipokwisha midomoni mwake gita likapokea palepale, na mikono yake ikaacha kusukuma. Babu hakuona kitu. Kichwa chake kilikuwa nyuma ya mashine.

Kimya cha tatu kikafika, midomo ikatembea tena, na gita likaingia. Bibi akakunja uso.

Wimbo uliisha. Maji yalisikika yakidondoka mahali ndani ya mashine. Bibi akachukua kitambaa, akafuta unga kidole kimoja kimoja.

"Mstari wa tatu umeuwahi," alisema.

Kichwa cha babu kikatokea. "Nimepima kwenye kanda, dada. Sekunde saba kamili."

"Kinasa sauti kilikuwa mbali, mlangoni, pumzi haikusikika. Mimi nilikuwa mbele yake. Baba alikuwa anamaliza mstari wa pili hana hewa tena. Alikuwa anatafuta pumzi kabla ya wa tatu, na tulikuwa tunamngoja. Hakuna aliyekuwa anamwahi." Akamtazama mdogo wake palepale sakafuni, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane. "Mngoje."

Babu akatoa simu mfukoni akiwa bado amelala, akampigia Tressa. Tressa alikuwa juu ya mlima na gari la maktaba, mtandao unakatika, na tulimsikia wote watatu akiuliza kama mzee anajua kesho ni lini. Babu akasema anajua. Akasema anahitaji sekunde mbili zaidi, mahali pamoja. Kisha akaweka simu mbali kidogo na sikio, akangoja Tressa amalize.

Bibi alirudi kwenye keki yake. Alimwuliza babu kama atakula chakula cha jioni hapa au kama ana mahali pengine pa kulala sakafuni, na babu akasema hapa.

Santuri zilitoka mwezi wa kumi na mbili, mia tatu. Mtu mmoja wa mjini alimwandikia Tressa kwamba yake ni mbovu, wimbo wa mwisho unakatika katika. Yetu iko juu ya kabati la vyombo. Nimekipima kimya cha tatu kwa simu yangu mara nyingi kuliko inavyohitajika. Ni sekunde tisa.